Upendi: Nchi Isiyokuwemo Kamusini

Filamu ya katuni iitwayo The Lion King II: Simba's Pride haikutengenezwa kwa ajili ya majumba ya sinema. Ilitoka Marekani mwezi wa Oktoba 1998 ikiwa ni mkanda wa video wa kutazamwa nyumbani, miaka minne baada ya The Lion King yenyewe, na sehemu kubwa ya michoro yake ilifanywa katika studio ya Disney iliyokuwako Sydney, Australia. Tangu hapo imekuwa ikihesabiwa kama mdogo mtu aliyevishwa kanzu ya kaka yake: mikono mirefu, mabega yamepwaya. Kwa upande wa michoro hukumu hiyo ni ya haki. Nyasi zimekuwa za rangi moja, wanyama wa nyuma wamesimama kama waliobandikwa, na mapigano ya mwisho yanakumbusha tu mapigano mengine yaliyokuwa mazuri zaidi. Lakini hukumu hiyo imetolewa na watu wasioisikia filamu yote. Imo sehemu yake isiyomfikia mtazamaji asiyejua Kiswahili, na sehemu hiyo ndiyo bora.

Sehemu hiyo ni majina. Katika filamu ya mwaka 1994 majina ya Kiswahili yaliokotwa kama mtu anavyookota kombe ufukweni, kwa kuvutiwa na umbo. Simba ni simba na Rafiki ni rafiki. Hapo hapana la kusema. Pumbaa, yule ngiri, amepewa kitenzi kizima kikawa jina, na kinamfaa. Sarabi, mamake Simba, ni mazigazi, yale maji ya uwongo yaonekanayo njiani wakati wa jua kali. Jina zuri kwa mwanamke wa shairi, ila halimhusu kwa lolote malkia huyu aliyesimama imara juu ya ardhi. Kando yao yupo Banzai, ambalo ni neno la Kijapani, na Timon mwenye jina la Kiyunani, mnyama wa jamii ya nguchiro ambaye kwao ni nchi kavu za kusini mwa Afrika. Ndiyo desturi ya nchi za kubuni, na hakuna anayezidai ramani. Filamu ya pili ni nyingine. Humo wamo Kovu, Zira, Vitani na Nuka, na aliyewapa majina hayo aliifungua kamusi akasoma zaidi ya mstari mmoja.

Mahali pa kuyapima majina haya si Unguja wala Mombasa, ambako wageni wamekwisha kuyazoesha masikio kila namna ya Kiswahili cha kuchezea. Yapelekwe Misigiri, wilaya ya Iramba, mkoani Singida: njia panda kwenye barabara kuu itokayo Singida kwenda Nzega, pale inapochepuka njia ya Kiomboi, kabla malori hayajauteremka mlima wa Sekenke kuelekea Shelui na mbuga ya Wembere. Lugha ya nyumbani huko ni Kinyiramba. Kiswahili ni lugha ya soko, ya shule na ya stendi, na Kiingereza huanza kuwa lugha ya masomo katika sekondari. Mtoto wa Misigiri akiwekewa mkanda huu kama ulivyo, hayaelewi mazungumzo. Kinachomfikia ni majina tu. Anakipokea kitambaa kwa upande wake wa ndani. Kile ambacho mtoto wa Chicago hukisikia kuwa mlio mtupu, yeye hukisikia kuwa neno, na kile ambacho yule hukisikia kuwa neno, kwake ni mlio.

Lile jabali ambalo wafalme wa filamu husimama juu yake halitamshangaza mtoto huyo, kwani Singida ni nchi ya majabali. Simba ndiye atakayemtatiza. Kusini ya Iramba, katika nchi ya Wanyaturu, miaka ya 1946 na 1947 watu wengi waliuawa kwa namna iliyosemwa kuwa ni ya simba. Serikali ya kikoloni ikafikia kuamini kwamba wauaji walikuwa binadamu waliovishwa ngozi na kutumwa, na habari za simba-watu wa Singida zikaingia katika mafaili na magazeti. Mwaka 1962 mwanaanthropolojia Harold Schneider aliyajadili upya mambo hayo katika jarida la Tanganyika Notes and Records. Hilo latosha kuonyesha kwamba neno simba, likitamkwa usiku katika mkoa huo, halileti picha ya taji. Katika ngano zetu, za bara kama za pwani, simba ni mwenye nguvu anayechezewa na sungura. Heshima yake imo zaidi katika lakabu, kama Rashidi Kawawa alivyoitwa Simba wa Vita, au kama klabu ya Sunderland ya Dar es Salaam ilivyojivika jina la Simba mwaka 1971. Simba mwenye kiti cha kurithisha ametoka katika nembo za wafalme wa Ulaya, na kisa chake katika filamu ya kwanza kimechotwa kwa Hamlet wa Shakespeare.

Tangu miaka ya 1990 vibanda vya video vya Tanzania vimekuwa na fani yao ya usimulizi. Msimulizi huipunguza sauti ya filamu na kuijaza yake, akafasiri, akafafanua, akatania na pengine akatunga. Derek Gaspar Mukandala, maarufu kwa jina la Lufufu, alijulikana sana kwa kanda alizozitia sauti namna hiyo. Fani hii imekulia katika filamu za ngumi na bunduki, na za Kihindi; katuni ya nyimbo na wanyama wasemao si uwanja wake. Lakini msimulizi na aitwe hata hivyo, aketi mbele ya mkanda huu pale Misigiri. Neno la kwanza litakalomkwama kooni ni Kovu.

Yule ami muuaji wa filamu ya kwanza huitwa Scar, na Scar kwa Kiswahili ni kovu. Msimulizi aliyekwisha kumfasiri hivyo atajikuta katika filamu ya pili ana Kovu wawili, marehemu na mrithi, na watazamaji watamuuliza huyu ni yupi. Kosa si lake. Waliotunga kisa walimpa mtoto jina lile lile la marehemu, wakalificha katika lugha ambayo watazamaji wao wengi hawaijui, na katika filamu nzima hakuna anayelifichua. Mrithi huyo si mwana wa Scar kwa damu. Aliteuliwa tu, na Zira mama yake, aliyefukuzwa na Simba pamoja na wafuasi wa marehemu wakaishi katika nchi ya mchwa na kiu, amemlea kwa shabaha moja: amuue mfalme. Anakua na uso safi. Mpango unapovunjika, na ndugu yake Nuka anapokufa chini ya magogo, Zira humrarua Kovu usoni kwa ukucha, na alama inayobaki juu ya jicho ni ile ile ya marehemu. Mtazamaji wa Kiingereza hushtuka, kisha huelewa. Mtazamaji wa Kiswahili alikuwa akiingoja alama hiyo tangu mtoto alipotajwa kwa mara ya kwanza. Jina lilitangulia, jeraha likafuata, na aliyelitia ni mama mzazi.

Tena neno lenyewe lina ncha mbili. Kovu si kidonda. Kidonda kinauma na kinaomba dawa. Kovu ni ushahidi kwamba kimekwisha kupona. Zira ataka mwanawe awe kidonda kisichofunga, naye amwita, usiku na mchana, kwa neno la kufunga. Mshairi wa pwani angeliona hilo akalijengea beti kumi. Filamu imelipita bila kugeuza shingo, na hata hivyo mwisho wake ni huo huo: kijana aliyeandaliwa kulipiza kisasi ndiye anayeoa katika nyumba ya adui.

Zira naye hufasiriwa kwa wepesi kuwa ni chuki. Maana yake ni nyembamba kuliko hiyo, na kwa hivyo ni kali zaidi. Kuzira ni kukiacha kwa hasira kitu ulichokuwa ukikipenda. Mtoto huzira chakula hali ana njaa. Mke huzira nyumba hali moyo wake bado umo ndani. Aliyezira haponi kwa kubembelezwa, kwani kila anapobembelezwa huzidi kuona kuwa ana haki. Mwishoni, Zira akiwa ananing'inia gengeni juu ya mto uliofurika, Kiara binti Simba anamnyooshea mkono amwokoe, naye aukataa. Kwa Kiingereza tendo hilo ni ushupavu wa adui wa katuni, wa kawaida kabisa. Kwa Kiswahili ni sarufi: jina limekwenda kwenye kitenzi chake. Msimulizi hapo hana kazi ila kulitamka.

Vitani, dada yake Kovu, amezaliwa na jina la mahali, na mahali penyewe ni vita. Ndiye wa kwanza kumwacha mama yake na kuvuka upande wa pili pale majeshi yanapokabiliana. Kuhusu Nuka, jina lake ni la kuchekesha tu, na filamu inamchekea mno. Waswahili wanayo majina ya Mashaka, Taabu na Shida, na kila moja lina hadithi ya mzazi ndani yake. Mama anayemwita mwanawe wa kwanza kwa neno la uvundo amesema jambo ambalo lingehitaji filamu nzima, nayo hii haikuwa na nafasi.

Nyimbo hazilingani na za Elton John na Tim Rice za filamu ya kwanza. Mbili zinastahili kusimamishwa. Ya kwanza ni My Lullaby, ambamo Zira anambembeleza Kovu alale kwa kumsimulia kisasi. Mtazamaji wa Ulaya anaona hapo kinyume cha kutisha: wimbo wa kulaza mtoto uliojaa damu. Watu wa pwani wanaijua namna hii kwa upole zaidi. Nyimbo za kubembelezea watoto za Waswahili aghalabu hazimhusu mtoto; yeye yu kifuani tu, na msikilizaji aliyekusudiwa yuko chumba cha pili, mume au wifi au jirani mwenye neno. Mama asiyeweza kusema husema kwa mtoto. Zira ni mwanamke wa namna hiyo. Hana baraza la kupelekea madai yake. Ana mtoto wa kulaza. Aliyeutunga wimbo huo, ajue asijue, ameugusa ukweli ambao wimbo wa kwanza wa filamu, wenye ngoma nyingi na jua linalochomoza, haukaribii.

Wa pili ni Not One of Us. Wanyama wote, wakubwa kwa wadogo, wanamzomea Kovu atoke. Hawana kosa wanalomhakikishia ila sura yake na wenziwe. Paa na punda milia, ambao kila siku ni chakula cha ukoo wa mfalme, ndio wenye sauti kubwa. Hapa filamu imekuwa na ujasiri isiokuwa nao kwingine, ingawa inauacha mapema. Katika kisa cha Sultani Darai, ambacho Edward Steere alikichapisha mwaka 1870 katika mkusanyiko wake wa hadithi za Unguja, paa anamtajirisha maskini aliyemnunua, kisha anapougua bwana yule hamtazami. Paa akafa, na bwana akaamka akiwa maskini kama alivyokuwa. Mnyama wa ngano yetu humpima binadamu na hesabu hulipwa hadi thumni ya mwisho. Simba wa filamu hii amemfukuza kijana asiye na hatia mbele ya umma mzima, na ufalme wake haupungukiwi hata na unyasi mmoja. Anasamehewa kwa sababu ni baba wa bibi harusi.

Kuhusu kisa chenyewe, wahakiki wa Magharibi humtaja Romeo na Juliet, nao hawakukosea. Lakini mtu wa Unguja aliyekulia katika sinema za Kihindi ataikumbuka kwanza Qayamat Se Qayamat Tak ya mwaka 1988, na nyinginezo za koo mbili zilizohasimiana na watoto wao waliopendana. Pwani ilijifunza zamani kutazama filamu ya nyimbo bila kuifahamu lugha yake, na watunzi wa taarab wakachukua tuni za Kihindi wakazitilia maneno yao. Disney imefanya kinyume: imechukua maneno ikayatilia tuni yake.

Na neno lililochukuliwa vibaya kuliko yote ndilo lililopewa wimbo mzima. Katikati ya filamu Rafiki anawapeleka Kovu na Kiara katika safari ya kwenda mahali paitwapo Upendi, na wahusika wanaelewana kuwa maana yake ni mapenzi. Kiswahili kina upendo, mapenzi, penzi, pendo, huba, mahaba na nyonda. Hakijapata kulaumiwa kwa uhaba wa maneno katika jambo hilo. Upendi halimo. Anayetaka kuitetea filamu ana hoja, na isikilizwe. Lugha yetu huunda nomino kwa kuikomesha shina kwa irabu i: shinda imezaa ushindi, pika upishi, chuma uchumi. Kwa kanuni hiyo penda ingeweza kuzaa upendi, na mtunzi aliyebanwa na kina angelitia, akasamehewa kwa jina la tabdila. Hayo ni kweli kwenye karatasi. Lakini wimbo huingia kwa sikio, na sikio halina kamusi ya maneno yanayoweza kuzaliwa. Katika ngoma nyingi namna ile, ambamo herufi ya mwanzo humezwa, upendi husikika kuwa hupendi.

Vijana wawili wametiwa katika mashua ya mahaba, vipepeo na maua kila upande, na kila kituo wanaambiwa: hupendi. Mtoto wa Misigiri atacheka, na ana haki ya kucheka. Lakini asiyecheka haraka ataona kitu. Wakati huo Kovu bado ni aliyetumwa. Ameingia katika nyumba ya Simba kwa hila, hakuletwa kupenda, na Kiara hajui. Neno lililoharibika linamsuta yeye peke yake, mbele ya wote, katika lugha ambayo hakuna mwingine ndani ya filamu anayeifahamu. Ni ajali, wala haifai kupewa sifa ya kusudi. Hata hivyo hakuna mstari wowote uliokusudiwa katika mkanda huo unaoieleza hali ya kijana yule kwa ukamilifu kama kosa hili la irabu moja.

Miaka ilipita na kamusi ikafunguliwa vizuri zaidi. Katika Mufasa: The Lion King, filamu ya mwaka 2024 iliyoongozwa na Barry Jenkins, nchi inayotafutwa huitwa Milele, neno lililo sahihi na lenye uzito wake, na Scar wa ujanani ameitwa Taka. Hilo ni jina la mtunzi hodari: mwana wa mfalme anayetaka, na atakayetupwa kama taka. Pengine kuna aliyesikiliza. Upande wa mali ni vingine. Msemo wa hakuna matata, ambao bendi ya Them Mushrooms ya Mombasa ilikuwa imeshaueneza kwa wimbo wao wa mwaka 1982, uliandikishwa na Disney nchini Marekani kuwa alama ya biashara ya nguo, hata mwaka 2018 maelfu wakatia saini kupinga. Filamu ya kwanza ilitiwa sauti kamili za Kizulu. Kiswahili, kilichotoa majina, katika zama hizo za mikanda kiliachiwa majina hayo hayo.

Limebaki jina moja ambalo pwani haiwezi kumwachia Disney peke yake. Kiongozi wa mafisi wa filamu ya kwanza, aliyetiliwa sauti na Whoopi Goldberg, huitwa Shenzi. Wanaoulaumu uteuzi huo husema, na wasema kweli, kwamba sauti ya Mmarekani mweusi imevishwa tusi la Kiafrika. Lakini tusi hilo halikutungwa California. Ni neno la miji ya pwani, la zama za misafara na za kugawana watu baina ya waungwana na wasiokuwa. Mshenzi alikuwa mtu wa bara, asiye na dini yetu wala kanzu yetu, na aghalabu aliyeletwa bila hiari yake. Wakoloni walilikuta likiwa tayari limenolewa wakalitumia kwa wote, na wachora katuni wakalipata kwa bei ya chini. Msimulizi wa Misigiri, akirudi kwenye mkanda ule wa kwanza, hatakuwa na haja ya kulifasiri. Atalitamka kama lilivyo, na walioketi kwenye mabenchi wanajua lilipanda kutoka upande gani wa nchi.